Uainishaji wa vitabu, na kwa nini kazi ya Dorothy Porter haikuwa kupanga rafu

Uainishaji ni kazi ya kuamua kitabu kinahusu nini, kisha kukipa namba inayokiweka pamoja na vitabu vingine vya mada hiyo. Fasili yenyewe ni fupi. Linalonisumbua ni mazoea ya kuiita kazi hii "kupanga vitabu", na husikika sana anapotajwa Dorothy Porter, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ambaye husifiwa kwamba alikuwa hodari wa kupanga.

Kupanga ni kukirudisha kitabu mahali ambapo namba yake inaelekeza. Uainishaji hutangulia, nao unahitaji mtu aliyesoma na anayeijua mada, kwa sababu namba ikishabandikwa mgongoni mwa kitabu ndiyo itakayoamua nani atakikuta na nani atapita asikione. Mfumo wa Melvil Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, huyagawa maarifa yote katika mafungu makuu 10, kuanzia 000 hadi 900, na kila fungu lina mipaka iliyochorwa na mtu mwenye mtazamo wake kuhusu dunia.

Porter alianza mwaka 1930 kujenga mkusanyiko wa maandishi ya watu weusi pale Howard. Alipoangalia maktaba nyingine zilivyokuwa zikiainisha vitabu vya aina hiyo, alikuta vinarundikwa katika namba mbili: 326, ya utumwa, na 325, ya ukoloni na uhamiaji. Hata diwani ya James Weldon Johnson, mshairi aliyejulikana sana, ilitiwa kwenye 325 kwa kuwa tu mwandishi wake alikuwa mweusi. Tuzingatie hapo: rafu hizo huenda zilipangwa bila kosa hata moja, kila namba ikifuata mwenzake, na bado mwanafunzi aliyekwenda penye ushairi wa Marekani, 811, asingemkuta Johnson wala kudhani kwamba yupo. Kosa lilikuwa katika hukumu iliyotangulia rafu.

Hukumu hiyo Porter aliikataa. Alikuwa na shahada ya uzamili ya ukutubi kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, aliyoipata mwaka 1932, tena alikuwa msomaji mkubwa wa vitabu alivyovitunza. Akaviweka kwa utanzu na kwa mwandishi, ushairi ukakaa na ushairi, historia na historia. Fedha za kununulia vitabu zilikuwa haba, hivyo akawaandikia wachapishaji na wauza vitabu kuwaomba. Mwaka 1946 chuo kilinunua mkusanyiko wa wakili Arthur Spingarn, wenye vitabu vya waandishi weusi wa nchi na lugha nyingi, ambao wangeingizwa wote chini ya utumwa na ukoloni kama mtindo wa zamani ungefuatwa. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1973.

Kupanga rafu ni kazi ya heshima na hakuna maktaba inayokwenda bila hiyo, ila ni kazi nyingine. Anayesimulia habari za Porter na aseme kwamba aliainisha, na akipata nafasi ya sentensi moja zaidi, azitaje 325 na 326.