Patina: Utando wa Sarafu ya Kale na Sababu ya Kuuacha Ulipo

Mtu anayeongeza sarafu za kale za shaba au fedha katika mkusanyo wake hukutana mapema na neno patina, na mara nyingi hulikuta limetumiwa ovyo, kana kwamba ni jina la heshima la uchafu. Patina ni utando mwembamba unaojijenga kwenye uso wa metali pale metali hiyo inapokaa muda mrefu ikigusana na hewa, unyevu, jasho la mikono, karatasi au udongo. Neno lenyewe ni la Kiitaliano, na katika Kiswahili hakuna jina moja lililokubalika: wapo wanaosema kutu, wapo wanaosema weusi, na kwa ule ukijani wa shaba wapo wanaosema murututu, ingawa murututu hasa ni chumvi nyingine ya shaba yenye rangi ya buluu. Kati ya majina hayo, kutu ndilo linalopotosha zaidi. Kutu ya chuma huvimba, hubanduka na kuacha chuma kikiwa wazi ili kiendelee kuliwa, ilhali patina nzuri hushikamana na metali iliyo chini yake na kuipunguzia kasi ya kuharibika.

Jambo la kwanza la kulielewa, na ambalo likieleweka mengine yote hufuata, ni kwamba utando huo haukuja wote kutoka nje. Weusi wa sarafu ya fedha ni salfidi ya fedha, yaani fedha ya sarafu yenyewe iliyoungana na salfa iliyokuwa hewani au kwenye kitu kilichoifunika. Kwa uzito, karibu asilimia 87 ya weusi huo ni fedha. Vivyo hivyo, kahawia ya sarafu ya shaba ni shaba iliyoungana na oksijeni. Kwa hiyo anayeuondoa utando haifuti vumbi sarafu, bali anaichuna ngozi, na ngozi hiyo ndiyo iliyobeba alama za juu kabisa zilizoachwa na mhuri siku sarafu ilipogongwa.

Niliwahi kupata rupia ya Uhindi ya mwaka 1862, yenye uzito wa gramu 11.66 na fedha sehemu 917 katika kila 1,000, ikiwa imevaa utando wa kijivu kilichokolea. Niliisugua kwa dawa ya meno na kipande cha kitambaa, nikidhani naitendea wema, na kwa dakika chache ikawa inameta. Kesho yake niliitazama kwa kioo cha kukuzia. Maua yaliyotariziwa kwenye vazi la Malkia Victoria yalikuwa yamepoteza makali ya kingo zake, weusi ulikuwa umebaki kwenye mikunjo tu kama wino uliomwagika, na mikwaruzo mingi mno, yote ikielekea upande mmoja, ilipita juu ya shavu na kuendelea moja kwa moja kwenye uwanda mtupu ulio nyuma ya kichwa. Hapo ndipo nilipojifunza kuzitofautisha hali mbili ambazo kwa mbali hufanana: sarafu iliyochakaa kwa kupita mikononi mwa watu huchakaa hasa kwenye miinuko, lakini sarafu iliyosuguliwa hukwaruzika hata mabondeni, mahali ambapo vidole havikuwa vikifika.

Kinachopotea pia ni mng'ao wa awali, na huu haurudi. Sarafu inapogongwa kati ya mihuri miwili, metali husukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni, na mwendo huo huacha vifereji vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Vifereji hivyo ndivyo vinavyoutawanya mwanga, kiasi kwamba ukiizungusha taratibu chini ya taa sarafu ambayo haikutumika sana, utaona mihimili ya mwanga ikizunguka juu yake kama spoki za gurudumu. Patina nyembamba huuacha mng'ao huo uonekane chini yake. Dawa za kuchovya zenye asidi, zinazouzwa kwa ajili ya kung'arisha vyombo vya fedha, huviyeyusha vifereji hivyo pamoja na weusi, na sarafu iliyochovywa mara kadhaa huwa nyeupe lakini haina uhai, kama ukuta uliopakwa chokaa. Wakusanyaji wenye uzoefu huitambua mara moja, na bei yake hushuka.

Fedha hupita katika rangi kadhaa kabla ya kufikia weusi, na sababu si kwamba kuna kemikali tofauti kwa kila rangi. Salfidi ni ile ile; kinachobadilika ni unene wa utando, ambao huuchezea mwanga kama tone la mafuta linavyofanya juu ya maji. Utando mwembamba kabisa hutoa rangi ya dhahabu hafifu, ukinenepa kidogo hutoa wekundu unaoelekea zambarau, kisha buluu, na ukizidi sana huishia kwenye kijivu na weusi. Kwa kuwa hewa mara nyingi huingilia pembeni, rangi za utando mnene huonekana kwanza ukingoni na zile za utando mwembamba hubaki katikati. Mfano unaopendwa sana ni dola za Marekani za aina iitwayo Morgan, zilizogongwa kuanzia mwaka 1878 hadi 1904 na tena mwaka 1921, ambazo nyingi zilikaa kwa miongo ndani ya mifuko ya turubai. Sarafu iliyoegemea kitambaa cha mfuko ilipata rangi za upinde wa mvua, wakati mwingine pamoja na alama ya mfumo wa nyuzi, na pale ilipolaliwa na sarafu nyingine ilibaki nyeupe kwa umbo la mwezi mwandamo. Umbo hilo la mwezi ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Shaba hubadilika rangi upesi kuliko fedha. Sarafu ya shaba inapotoka kiwandani huwa na wekundu unaoelekea rangi ya chungwa, na wekundu huo hauna subira: unyevu, hewa na alama moja ya kidole hutosha kuanza kuugeuza. Ndiyo maana katika biashara ya sarafu shaba hutajwa kwa rangi pamoja na hali, yaani nyekundu, nyekundu-kahawia au kahawia, na iliyobaki nyekundu kabisa baada ya karne moja au zaidi ni adimu. Hata hivyo mimi huipendelea kahawia iliyotulia. Chukua peni ya Uingereza ya mwaka 1797, iliyogongwa kwa mitambo ya mvuke katika kiwanda cha Matthew Boulton kiitwacho Soho, karibu na Birmingham. Ina uzito wa aunsi moja, takriban gramu 28, na imezungukwa na ukingo mpana ulioinuka, huku maandishi yakiwa yamezama ndani ya ukingo huo badala ya kuchomoza. Katika peni iliyotunzwa vizuri, uwanda wote una kahawia moja iliyokolea, goti la Britannia, yule mwanamke aliyeketi anayewakilisha Uingereza, lina kahawia nyepesi kidogo kwa sababu liliguswa zaidi, na ndani ya herufi zilizozama kuna giza linalozifanya zisomeke. Ukiisugua, tofauti hizo tatu hufutika pamoja, na shaba hubaki na rangi ya waridi isiyo ya asili ambayo baadaye hugeuka kuwa mabaka. Ieleweke pia kwamba mwaka 1860 Uingereza iliacha shaba tupu na kutumia bronzi, yaani shaba asilimia 95, bati asilimia 4 na zinki asilimia 1, kwa hiyo peni ya kabla na ya baada ya mwaka huo hazipaswi kutarajiwa kuzeeka kwa namna moja.

Si kila ukijani ni patina, na hapa ndipo mkusanyaji anapopaswa kuwa mkali. Ukijani mgumu, laini kwa kuguswa na ulioshikamana, kama ule unaoonekana kwenye sarafu za bronzi zilizozikwa ardhini kwa karne nyingi, ni utando tulivu, na wapo wanaolipa zaidi kwa ajili yake. Ukijani mpauko, wa ungaunga, unaotokea kwa vitone na kumeguka ukichokolewa kwa kijiti cha meno, ni jambo jingine: huo ndio unaoitwa ugonjwa wa bronzi. Hausababishwi na kijidudu chochote. Chanzo chake ni kloridi, kwa kawaida kutokana na chumvi ya ardhini au ya baharini, iliyojificha ndani ya metali kama kloridi ya shaba. Ikipata unyevu na oksijeni hutoa asidi, asidi hiyo hula shaba nyingine na kutengeneza kloridi zaidi, na mzunguko huo hujilisha wenyewe mpaka sarafu ibaki na mashimo. Sarafu ya namna hiyo hutengwa na nyingine, huwekwa mahali ambapo unyevu wa hewa uko chini ya asilimia 40, na ikiwa ni ya thamani hupelekwa kwa mhifadhi wa vitu vya kale, kwa kuwa kuitibu huhitaji kuilowesha katika miyeyusho maalumu kwa majuma, wakati mwingine kwa miezi. Kuinunua kwa sababu ni rahisi ni kununua tatizo.

Upo pia wekundu unaojitokeza kwenye fedha, nao hauhusiani na patina hata kidogo. Fedha ya sarafu huchanganywa na shaba, na watawala waliokuwa na upungufu wa hazina walizidisha shaba. Mfalme Henry VIII wa Uingereza alipewa jina la utani la Pua ya Shaba kwa sababu sarafu zake za miaka ya mwisho zilikuwa na shaba nyingi chini ya uso uliong'arishwa kwa fedha, na kwa kuwa pua ndiyo iliyochomoza kwenye picha ya uso wake, hapo ndipo shaba ilipoanza kuonekana. Sarafu nyingi za Roma za karne ya 3 ziliwekewa juu ya bronzi ngozi ya fedha iliyo nyembamba mno, kiasi kwamba usafishaji mmoja wa haraka unaweza kuiondoa yote, na mwenye nayo akabaki na sarafu inayoonekana kuwa ya bronzi toka mwanzo.

Patina haithibitishi umri, ingawa wauzaji wengi hupenda ichukuliwe hivyo. Boksi baya la kadibodi linaweza kuigeuza rangi sarafu ya fedha kwa miezi michache, na mtu mwenye moto na salfa anaweza kufanya hivyo kwa saa moja. Rangi za kubuni mara nyingi huvunja mpangilio nilioueleza hapo juu, hukaa kama zinaelea juu ya metali, na mara kwa mara zimepakwa kuficha mikwaruzo ya kusuguliwa, hivyo ukiona rangi imetua ndani ya mikwaruzo kwa usawa ule ule ulioko nje yake, shaka yako ina msingi. Dola ya Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria, inafundisha jambo hili vizuri. Ina mwaka 1780, uzito wa gramu 28.07 na fedha sehemu 833 katika kila 1,000, lakini baada ya malkia huyo kufariki mwaka huo huo iliendelea kugongwa Vienna, na katika karne ya 20 iligongwa pia London, Rome, Paris na Bombay, yote ikiwa na mwaka ule ule wa 1780. Nyingi zilivaliwa kama mapambo, zikang'arishwa kwa nguo na ngozi, kisha zikawa nyeusi tena. Weusi wa dola kama hiyo hausemi lolote kuhusu karne yake. Michoro midogo ya mhuri ndiyo inayosema.

Kuna mambo machache yanayoruhusiwa. Udongo na vumbi si patina, na vinaweza kulowekwa kwenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa kutokana na mvuke wake, kisha sarafu ikakaushwa kwa kugusishwa kitambaa laini bila kuvutwa. Mafuta, gundi na ule ute wa kijani unaoachwa na vifuko vya plastiki laini ya PVC huondolewa kwa asetoni safi, ambayo haiunguzi fedha wala shaba, lakini hushika moto upesi na lazima itumiwe penye hewa na mbali na jiko. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha si mbadala wake, kwani mara nyingi huwa imetiwa mafuta na manukato. Ndimu, chumvi, majivu, siki na brashi ya waya visikaribie kabisa. Kwa hifadhi, vifuko vya poliesta na karatasi isiyo na asidi hufaa. Mpira, sufu na kadibodi ya ovyo vina salfa na huendelea kuila fedha polepole usiku na mchana. Sarafu hushikwa kwa ukingo, hata kama unaipenda kiasi gani.

Rupia yangu ya mwaka 1862 imekaa miaka kadhaa katika bahasha ya karatasi. Ukingo wake umeanza kushika rangi ya dhahabu iliyofifia, na ukiiinamisha chini ya taa mikwaruzo inaonekana chini ya rangi hiyo, yote ikielekea upande ule ule.