Kuzamia baharini kwa mfuko mdogo: yanayosemwa na yalivyo

"Mtungi umejaa oksijeni."
Ndani ya mtungi wa mzamiaji ni hewa hii hii tunayoivuta nchi kavu: oksijeni asilimia 21, iliyobaki karibu yote ni naitrojeni, ikachujwa na kushindiliwa hadi kufikia presha ya bar 200 hivi. Lingekuwa kosa la kuchekesha tu kama lisingemtia mtu anayebana matumizi tamaa ya mtungi wa mafundi wa kuchomelea. Oksijeni tupu, kwenye kina cha mita 6 tu, inaweza kumtia mzamiaji degedege akiwa ndani ya maji. Kompresa ya gereji nayo usiifikirie. Ile ya matairi hutoa bar 8 au 10, tena hewa yake huwa na mvuke wa oili.

"Lazima umiliki seti nzima."
Mtungi na vyuma vya uzito kwa kawaida vimo ndani ya bei ya safari. Nunua miwani kwanza, kwa sababu kila uso una umbo lake. Ibandike usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, uachie mkono. Ikishika, ni yako.

"Mtoto mnunulie suti kubwa ya kuzamia, atakua nayo."
Kwa sare ya shule, sawa. Neopreni, yaani mpira laini wa suti hiyo, huzuia baridi kwa viputo vya gesi vilivyomo ndani yake, lakini sharti iushike mwili; ikipwaya, maji huingia na kutoka kila mtoto anaporusha mguu, na joto lake huondoka nayo. PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, hupokea watoto kwenye kozi ya kwanza ya cheti kuanzia miaka 10, umri ambao hata viatu havidumu, kwa hiyo suti ni ya kukodi. Mapezi ya mkanda wa kurekebishwa ndiyo yanayoweza kurithiwa na mdogo wake.

"Vifaa ukivimwagia maji, imetosha."
Maji yapi kwanza? Visima vingi vya ufukweni vina chumvi chumvi, na ukisuuzia hayo umebadilisha chumvi kwa chumvi. Tafuta maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, ndoo moja tu. Anza na miwani, malizia na viatu. Rigulata, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi kwa mdomo, iloweke, usiipitishe tu majini, kwa maana chumvi ikishakauka huganda kwenye vijitundu na kukwaruza mipira. Kabla ya hapo kausha kile kifuniko kidogo cha kuzuia vumbi na ukifunge barabara. Halafu, rigulata ikiwa haijafungwa kwenye mtungi wenye hewa, usibonyeze kitufe cha kupulizia: unafungua vali, na maji yanapanda na bomba la mpira hadi kwenye chuma cha juu, kile kinachofungwa mtungini. Watu wengi huharibu vifaa vyao wakati wa kuosha hasa, na hawajui. Jaketi la kuelea, lile linalojazwa hewa, nalo lioshwe ndani: tia maji, tikisa, mwaga, lipulize kidogo ndipo ulianike kivulini.

"Rigulata iliyokaa kabatini haihitaji sevisi."
Mipira huzeeka hata isipotumika, ndiyo maana watengenezaji huhesabu muda pamoja na idadi ya mizamio. Hapa usibanie hela. Kubadilisha kipande cha kung'ata mdomoni au mkanda wa pezi, fanya mwenyewe mezani. Kufungua rigulata kunataka vipuri vyake, geji ya presha na fundi aliyefunzwa, hata ukiwa hodari wa pikipiki namna gani.

"Mtungi wa alumini hauna kutu, hivyo hauzeeki."
Wanaopenda vya mkono wa pili, hapa someni mara mbili. Kuna mitungi ya alumini ya aloi (mchanganyiko wa metali) 6351, ambayo kampuni ya Luxfer nchini Marekani iliacha kuitumia mwaka 1988. Mitungi hiyo imejulikana kupata nyufa shingoni, na baadhi yake imepasuka wakati wa kujazwa. Vituo vingi vinakataa kuijaza hata ikiwa imepimwa, kwa hiyo bei yake nzuri haina faida yoyote kwako. Tarehe ya kutengenezwa hugongwa begani mwa mtungi. Isome kabla hujatoa pesa.