Ruzuku ya utafiti wa wanawake wa Kiyahudi: pesa iende kwenye usomaji

Andiko la mradi lenye kichwa "Wanawake wa Kiyahudi katika Historia" huanguka mapema, hata kama aliyeliandika ni hodari. Anayepima maombi haoni ni hati zipi zitasomwa, za lugha gani, na nani atazisoma. Taasisi ya Hadassah-Brandeis ilianzishwa mwaka 1997 katika Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, kwa ajili ya utafiti na sanaa kuhusu Wayahudi na jinsia. Tangu hapo ushindani umekua, na hoja ya kwamba wanawake wamesahaulika haitoshi tena. Kila mwombaji anakuja nayo.

Nachukua mfano wa Geniza ya Kairo, chumba cha sinagogi la Ben Ezra huko Fustat (Kairo ya kale) ambamo karatasi chakavu ziliwekwa badala ya kutupwa, maana huenda zilikuwa na jina la Mungu. Mwaka 1896 mapacha wawili wasomi, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi Uingereza na vipande walivyovinunua safarini. Solomon Schechter, msomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alipoviona akaenda Kairo mwenyewe, na leo Cambridge ina vipande takribani 193,000 kutokana na safari hiyo. Mkusanyiko wa mapacha wenyewe, vipande kama 1,700, ulinunuliwa mwaka 2013 na maktaba za Cambridge na Oxford kwa pamoja, kwa pauni milioni 1.2. Wa kuchangia kununua hupatikana. Wa kumlipa mtu akae asome, hapo ndipo pagumu.

Basi punguza swali hadi lishikike. Mathalani: orodha za vitu vya bibi harusi katika ketuba (mikataba ya ndoa ya Kiyahudi) za Fustat za karne ya 12. Ketuba hizo hugawa mahari mafungu mawili, ya kutanguliza na ya kuchelewesha, jambo ambalo msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Kisha huorodhesha vito, nguo, matandiko, vyombo vya shaba, mara nyingine hata mjakazi, kila kimoja na bei yake kwa dinari. Usizijumlishe bei hizo haraka. Nyingine zilikuzwa kwa ajili ya heshima ya familia, na baadhi ya waandishi walilazimika kuandika wazi kwamba bei zao ni za kweli.

Kosa la pili ni kutafuta kwa majina. Ukiingiza Sara, Rebeka na Raheli kwenye hifadhidata utaambulia kidogo, kwa kuwa wanawake wa Kiyahudi wa Misri ya wakati huo kwa kawaida hawakuitwa majina ya Biblia. Walikuwa na majina ya Kiarabu, mengi yakianza na Sitt, kama Sitt al-Dar. Wengine hawatajwi jina kabisa: ni mke wa fulani au binti wa fulani. Anza na aina ya hati (ketuba, talaka, wosia, malalamiko mahakamani), ndipo uwasake watu ndani yake.

Sasa bajeti. Hati nyingi ni za Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama vile Kiswahili kilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Anayejua Kiebrania tu atazitamka asizielewe, na mjuzi wa Kiarabu asiyejua herufi hizo hataanza. Weka fungu la msomaji mwenye vyote viwili, na umlipe kwa kipande. Kabla ya kupanga malipo, mpe vipande vitatu vya majaribio: kimoja safi, kimoja kilichochanika, kimoja ambacho wino umefifia. Kasi yake hapo ndiyo itakayokuonyesha kama, mathalani, vipande 40 vinawezekana kwa mwaka. Tiketi za ndege kwenda kutazama kilichokwisha kuwekwa mtandaoni nazifuta bila huruma. Safari ina maana pale tu unapotaka kulinganisha kingo za vipande viwili vya hati moja, au mikunjo na maandishi ya nyuma yasiyoonekana kwenye picha. Ruhusa ya kuchapisha picha ni gharama ya peke yake; kuitazama bure si ruhusa ya kuiweka kitabuni.

Mpaka wa ushahidi nao uandikwe ndani ya andiko. Oktoba 1132, huko Mangalore, India, mfanyabiashara Myahudi Abraham Ben Yiju aliandikisha hati ya kumwacha huru mtumwa wake Ashu, mwanamke wa Kihindi. Wanazuoni wengi wanaamini alimwoa, ila hati ya ndoa haijapatikana, na sauti ya Ashu haimo popote. Mwombaji anayeahidi "kusikiliza alivyohisi Ashu" ameahidi riwaya. Mlinganishe na Wuhsha, dalali tajiri wa Fustat, ambaye wosia wake upo: anapanga mazishi yake, anayaachia masinagogi fedha, anaagiza mwanawe atafutiwe mwalimu. Pale mwanamke anasema, japo kwa kalamu ya karani.

Miradi ya sanaa, kama ule wa mwanamke kuandika gombo la Torati, ina hesabu zake. Torati ya mkono ina herufi 304,805, na mwandishi huweza kutumia mwaka au zaidi. Talmudi, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu ya Gittin 45b, inamweka mwanamke miongoni mwa wasiofaa kuiandika, kwa hiyo jamii itakayoipokea ikubali kwanza, kwa maandishi. Inawezekana: Torati ya mradi wa wanawake wa Seattle, Marekani, ilikamilika mwaka 2010. Lipa kila karatasi za ngozi kadhaa zinapokamilika na kukaguliwa, maana herufi moja ikikosekana Torati nzima haifai kusomwa mpaka isahihishwe. Kosa la kawaida hukwanguliwa. Jina la Mungu halifutwi. Likikosewa, mara nyingi karatasi nzima huwekwa kando na kuandikwa upya. Karatasi za akiba ziwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa Afrika Mashariki, mada iliyo karibu ni Abayudaya, jamii ya Kiyahudi ya eneo la Mbale, Uganda. Historia yao husimuliwa kuanzia mwanzilishi wao Semei Kakungulu na mwaka 1919, kisha viongozi wanaume waliomfuata. Habari za wanawake zitatoka kwenye mahojiano na nyimbo, kwa Kiganda, Kigwere au Kisoga. Saa moja ya sauti hudai saa nne hadi sita za kunakili, kabla ya tafsiri. Makubaliano yataje wazi nani anamiliki rekodi, nani anaweza kuizuia isitolewe, na nakala ipi itabaki kwa jamii. Yasainiwe na kila mwimbaji mwenyewe, kwa lugha anayoielewa. Saini ya kiongozi wa sinagogi haichukui nafasi yake.