Gari jepesi na tairi lake: mambo ya kuangalia kabla hujalipa

Masika yakiwa yamekolea, kijana mmoja alileta gari lake kwenye karakana ya chuo tunakofundisha ufundi wa magari, hapa Dar es Salaam. Lilikuwa Eunos Roadster la mwaka 1992, lile ambalo nje ya Japani linajulikana kama Mazda MX-5. Lilikuwa limemzunguka kwenye kipilefti, likasimama likiangalia lilikotoka. Bahati nzuri hakukuwa na bodaboda nyuma yake. Yeye alishajiamulia kwamba ugonjwa ni shokapu. "Matairi siyo, mwalimu. Hebu ona meno yake."

Meno yalikuwepo kweli, milimita 6 na ushee. Nikachuchumaa, nikatafuta herufi DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho zilikuwa 3811, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2011. Nikabonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha haukuzama hata kidogo, ni kama nilikuwa nabonyeza kwato. Nikapima upepo: 38 psi mbele, 38 nyuma.

Shokapu zake zilikuwa nzima. Gari lilikuwa limevalishwa matairi yasiyolifaa, na upepo wa gari lingine.

Magari madogo ya michezo yanaongezeka mjini, mengi yakitoka Japani yakiwa yametumika: Roadster kama hili, Toyota MR-S, mara mojamoja Honda Beat au Suzuki Cappuccino. Tabu ni kwamba ushauri wa matairi unaotolewa dukani umezoea Noah, Hiace na Land Cruiser, ambako sifa kubwa ya tairi ni ugumu. Kwa gari jepesi, sifa hiyo hiyo inageuka kuwa kasoro.

Tupige hesabu. Roadster la injini ya lita 1.6 lina kilo 940 hivi. Waingie watu wawili, jumla haifiki kilo 1,100, kwa hiyo kila tairi linabeba kama kilo 275. Tairi la kiwandani ni 185/60R14 82H: upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 14. Ile 82 ni namba ya mzigo, nayo inaruhusu kilo 475 kwa kila tairi. H ni mwendo, mwisho kilomita 210 kwa saa. Tayari una akiba kubwa ya nguvu. Muuzaji akikuletea lenye alama ya XL, yaani lililoimarishwa ubavu kwa ajili ya mzigo zaidi, akasema "hili halichoki," anakuuzia kitu usichokihitaji. Mpira unashika lami kwa kupata joto na kujipenyeza kwenye mikwaruzo midogo ya barabara. Kilo 275 hazitoshi kulikanda tairi la namna hiyo. Litabaki baridi na gumu, na gari litadundadunda kwenye kila kiraka cha lami.

Uzito wa tairi lenyewe nao una neno. Tairi na rimu havibebwi na springi, na shimo likija ni springi na shokapu zinazopaswa kuvituliza. Kwenye gari la tani mbili, kilo mbili zaidi kwa kila gurudumu hazionekani. Kwenye gari la kilo 940 utazisikia usukanini siku hiyo hiyo. Omba mizani dukani, pima matairi mawili unayoyafikiria. Watakucheka kidogo, lakini watakupa.

Sasa upepo, na hapa ndipo pesa nyingi za matairi mazuri zinapopotelea. Kibandiko cha Roadster la kwanza, kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinataka 26 psi. Magari ya soko la Japani huandikwa 1.8, kwa kilo kwa sentimita mraba, na ni kitu kile kile. Kijana wa sheli ukimwachia pampu bila maelezo ataweka 35, kwa sababu ndiyo anayoweka kila siku. Ile namba iliyochongwa ubavuni, mara nyingi 44 au 51, ni kiwango cha juu tairi linachoweza kuhimili. Haikuambii ujaze kiasi gani. Nunua geji yako, pima asubuhi kabla gari halijatembea. Na anayekuuzia nitrojeni kwa bei ya soda kwa kila tairi, mkumbushe kwamba hewa ya bure ina nitrojeni asilimia 78.

Msomaji makini ataniuliza: je, kwenye maji? Swali la haki. Watafiti wa NASA miaka ya 1960, wakichunguza ndege zinavyoteleza kwenye njia zenye maji, waligundua kwamba mwendo ambao tairi linaanza kuelea unategemea upepo wake. Kwa 26 psi kanuni yao inatoa karibu kilomita 85 kwa saa, pale maji yanapokuwa mengi kuliko mifereji ya tairi inavyoweza kuyatoa. Kwa 32 inakuwa kama 94. Kwa hiyo ni kweli, gari la upepo mdogo linaelea mapema. Lakini kuongeza upepo si dawa, maana kwenye utelezi wa kawaida, ule wa manyunyu na oili juu ya lami, tairi lililovimba linashika vibaya zaidi, kama tulivyoona pale kwenye kipilefti. Dawa ni mifereji yenye kina, upana usiozidi, na mguu mwepesi. Vile vialama vya mwisho vilivyo ndani ya mifereji viko kwenye milimita 1.6. Kwa gari la aina hii mimi ningebadilisha likifika 3, hasa kabla ya masika.

Upana ni kishawishi. Tairi pana linapendeza chini ya madigadi, lakini gari jepesi likivalishwa 215 halina uzito wa kuyakata maji. Hata kwenye lami kavu, wahandisi wenyewe hawakimbilii mpira mwingi. Toyota walipotoa gari lao la michezo, GT86, mwaka 2012 waliivalisha Michelin Primacy HP, tairi la aina iliyotumika pia kwenye Prius, gari la kubana mafuta. Walitaka dereva ahisi gari likicheza kwenye mwendo wa kistaarabu.

Kuhusu saizi, inchi 14 za michezo ni adimu madukani, Gerezani kwetu na hata Kirinyaga Road kwa wenzetu wa Nairobi. Hapo ndipo mtu anaambiwa "chukua 185/70, si ni 14 vilevile?" Sivyo. Kipenyo cha 185/60R14 ni milimita 578, cha 185/70R14 ni 615. Spidomita ikisoma 80, wewe unakwenda 85, gia zimekuwa ndefu, na mpira unaweza kuikwaruza bodi usukani ukikatwa wote. Badala halisi ni 195/50R15, kipenyo milimita 576, ambayo Mazda wenyewe waliitumia kwenye toleo la pili la Roadster. Ubavu wake ni mfupi kwa kama milimita 13, kwa hiyo mashimo utayaheshimu zaidi. Ukipata rimu nyepesi za 15, huo ni mpango mzuri. Za 17 acha zibaki kwenye picha.

Jambo jingine linalotuhusu sisi tunaoagiza Japani: angalia kama gari halijaja na matairi ya theluji. Mengi huandikwa STUDLESS ubavuni, na meno yake yamekatwakatwa vijimkato vidogo vingi kama mkate uliochanwa kwa wembe. Mpira ni laini sana, mtu anadhani amepata bahati. Kwenye lami ya mchana wa Dar unayumba kama umekanyaga godoro, na unalika upesi.

Namba ya TREADWEAR ubavuni, yaani kipimo cha mpira unavyolika, nayo isomwe kwa akili. Kubwa, 500 na kuendelea, humaanisha uimara. Ndogo kama 200 humaanisha mshiko, na huisha haraka. Kwa gari la kwenda kazini na safari ya Bagamoyo Jumapili, kati ya 280 na 400 panatosha. Kampuni hujipimia zenyewe, kwa hiyo usilinganishe kampuni mbili kwa namba hiyo peke yake.

Nunua manne ya aina moja. Hela ikitosha mawili tu, na gari linasukuma kwa nyuma, mapya yafungwe nyuma. MR-S za mwanzo zina 185/55R15 mbele na 205/50R15 nyuma, hivyo fundi asikushawishi kuyabadilishana ya mbele na ya nyuma.

Yule kijana alipofunga matairi mapya tulichora mstari wa chaki kukatiza uso wa kila moja, tukalisogeza gari mita hamsini uani. Kwa 38 psi chaki ilifutika katikati tu. Kwa 26 ilifutika sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Akapiga picha, akawatumia wenzake.

Kisha tukafungua buti. Spea ilikuwa ile nyembamba ya kiwandani, T115/70D14, ambayo inataka 60 psi na haikimbizwi zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Geji ilisoma 11. Tairi lilikuwa na umri wa gari lenyewe, na mpira ulikuwa na nyufa hadi kwenye nyuzi.