Jibu la kipanga si mwongozo wa kusahihishia

Wiki hii nimesimamishwa mara nne mlangoni pa maabara, na mara zote ni kilio kile kile: "Shikamoo mwalimu. Nimefeli. Slopu ya grafu yangu haifanani na ya kipanga." Kipanga mnamjua, yule anayeongoza darasa. Pepa ikiisha anasimama chini ya mwembe, wenzake wanamzunguka na karatasi za maswali, naye anasoma majibu yake kama anayetangaza matokeo ya taifa.

Nianze na dhana hiyo kwa sababu ndiyo inayonichosha kuliko zote: kwamba kwenye vitendo jibu ni moja, na anayetofautiana na kipanga amekosa. Swali lilikuwa la pendulamu. Kila mmoja alikuwa na uzi wake, stendi yake na kidole chake kwenye stopwochi. Ukichora T² (T ni muda wa kwenda na kurudi mara moja) dhidi ya l, urefu wa pendulamu, na g, mchapuko wa mvutano wa dunia, ikiwa 9.8, slopu, yaani mwinuko wa mstari, ambao ni 4π²/g, inatakiwa iwe karibu 4.03. Aliyepata 4.1, g yake ni 9.63. Aliyepata 3.9, yake ni 10.1. Wote wawili nawapa alama bila kusita. Meza nne zikiniletea namba zinazofanana hadi desimali ya tatu, hapo ndipo naanza kuuliza nani kampikia nani data.

Jana kuna binti alikuja machozi yanamlengalenga: yeye ana 0.04, jirani yake ana 4. Nikamwuliza, urefu ulipima kwa nini? Sentimita. Na mwenzako? Mita. Basi jibu ni lile lile! Wangeandika yuniti pembeni ya namba wasingebishana hata dakika moja, lakini yuniti kwao ni pambo.

Wakikosa pa kushika, wanasingizia gololi: "Yangu ilikuwa nzito." Uzito wa gololi hauongezi wala haupunguzi muda wa kwenda na kurudi. Kinachoharibu ni kuhesabu. Mtu anaachia gololi, anabonyeza stopwochi na papo hapo anasema "moja". Akifika "ishirini", gololi imekwenda na kurudi mara 19 tu. Anagawanya kwa 20, T inapungua kwa asilimia 5, T² kwa karibu asilimia 10, na g inaruka hadi 10.9. Unaanza na sifuri. Sifuri! Nimelisema hili tangu wako kidato cha tatu, nikaliandika ubaoni kwa chaki nyekundu.

Waliosahau nusu kipenyo cha gololi, wakapima uzi peke yake, hao ndio walionifuata kwa hofu kubwa kuliko wote, na hawana sababu. Kama mlipima hivyo kila mara, slopu haiguswi. Mstari tu hautapita kwenye sifuri, utakata mhimili wa T² juu kidogo.

Mengine nayapitia haraka. Eti ukikosa (a), basi (b) na (c) zimekufa: mimi nikisahihisha naifuata namba yako yenye kosa, na ukiitumia kwa njia sahihi unapata alama za njia. Eti tarakimu nyingi ndiyo usahihi: rula yako inaishia milimita, halafu unaniandikia g ni 9.628882? Na wale waliobishana hadi kengele ya chakula kuhusu jiwe lililodondoka mita 20, mmoja ana sekunde 2, mwingine 2.02: someni swali. Limesema g ni 10.

Pepa ya nadharia ni keshokutwa. Pitieni vioo na umeme, na ule mwembe mwachieni kunguru.

Ah, na slopu ya kipanga mwenyewe, ile iliyowaliza wote? 3.64. Kahesabuni.