Umask ya mtumiaji haiamui ruhusa za faili zinazotoka Windows

Wasimamizi wengi wa seva za Linux huamini kwamba wakiandika umask 002 (umask ni mpangilio wa Linux unaoamua faili mpya zinyimwe ruhusa zipi) katika wasifu wa mtumiaji, faili anazohifadhi kutoka Windows kwenye folda ya pamoja zitaweza kuhaririwa na kundi lake. Sivyo: umask hiyo hutawala kikao cha aliyeingia kwenye seva yenyewe, ilhali anayepitia mtandao huhudumiwa na Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kutumia folda za seva ya Linux, inayofuata mpangilio wake wa create mask, yaani kikomo cha ruhusa za faili mpya, ambao usipobadilishwa huwa 0744, na hivyo kundi hubaki na haki ya kusoma tu. Create mask iandikwe 0664 ndani ya smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba, pamoja na directory mask 0775 kwa folda. Tena, na hapa ndipo wengi hupotea, mipangilio hii huondoa ruhusa tu. Ya kuziongeza ni force create mode. Faili za zamani zirekebishwe kwa chmod, amri ya kubadilisha ruhusa.