Kubanwa kifua baada ya baiskeli na vumbi, mbona kila kitu mnaita pumu?

Kiangazi kikikolea huku Arusha, kuanzia Juni mpaka mvua za vuli zirudi, kila grupu la waendesha baiskeli linapata madaktari wapya. Mtu karudi kutoka njia za Monduli, kope zimegeuka rangi ya udongo, anakohoa mfululizo, na kabla hajavua helmeti ashaambiwa "we una pumu", mwingine anadakia "pumu wapi, hilo vumbi limejaa mapafuni, mpeni maziwa". Nimeyasikia haya mpaka nimechoka, acha niandike.

Kinachompata huyo mara nyingi ni kubanwa kwa njia za hewa kunakoletwa na mazoezi. Mirija inayopeleka hewa mapafuni inabana kwa muda baada ya zoezi zito, hewa inatoka kwa shida, unakohoa, kifua kinakuwa kizito na pengine kinapiga mluzi, halafu ndani ya nusu saa mpaka saa moja au zaidi kidogo kinaachia chenyewe. Dhana yenyewe ni hiyo tu.

Sasa tuanze na kuhema, maana watu wanachanganya kuhema na kubanwa. Ukipanda mlima ukafika juu unahema kama umefukuzwa na nyati, hiyo ni miguu inadai oksijeni, haina ugonjwa ndani yake, ukisimama dakika mbili tatu inashuka. Kubanwa ni kinyume chake kabisa: juu ya baiskeli ulikuwa unajiona uko fiti, umeshuka, umeegemeza baiskeli, umeshika chupa ya maji, ndio kikohozi kinaanza, na kinazidi kwenye dakika ya tano mpaka ya kumi na tano hivi wakati wenzako wote wameshatulia. Yaani mwenye kuhema anapata nafuu akisimama na mwenye kubanwa anazidiwa akisimama. Kwahiyo swali la kwanza la kumuuliza mtu sio "ulimeza vumbi kiasi gani", muulize ilianza saa ngapi.

Halafu vumbi. Wengi hawanielewi nikisema mkosaji mkubwa ni ukavu wa hewa na wingi wake, vumbi ni msaidizi. Mtu mzima aliyekaa anavuta lita sita mpaka nane za hewa kwa dakika, akikanyaga pedeli kwa nguvu zinapita lita mia, na pua haiwezi kupitisha zote hizo, inabidi mdomo ufunguke. Pua ndio ilikuwa inachuja hewa, inaipasha joto na kuilowesha. Mdomo hauna kazi hizo, au niseme unazifanya kivivu, kwahiyo hewa inaingia kavu, inanyonya unyevu kwenye ngozi laini ya ndani ya mirija, majimaji yanayobaki pale yanazidi chumvi, seli za kinga zinashtuka na kumwaga kemikali (histamini ni mojawapo), na misuli inayozunguka mirija inakaza. Ndio maana tatizo hilihili wanalo sana watu wanaoshindana kwenye theluji Ulaya, ambako hakuna vumbi kabisa ila hewa ni ya baridi na kavu. Na ndio maana asubuhi ya Julai hapa Arusha, baridi na ukavu pamoja, inabana watu hata kwenye lami.

Vumbi linaongeza nini? Linawasha mirija ambayo tayari imekauka, na vumbi la barabara sio udongo mtupu, ndani yake kuna mavi ya ng'ombe na punda yaliyosagika, chavua, masizi ya dizeli, na punda kwenye njia zetu unajua mwenyewe. Punje kubwa zinanasa puani na kooni. Zile ndogo, chini ya maikromita kumi, zinapita koo, na zilizo chini ya mbili na nusu zinafika mwisho kabisa kwenye vifuko vya hewa. Ila mirija ina ute na vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu kwenda juu muda wote, ndio unakohoa makohozi ya kahawia kesho yake na kuanza kuogopa, wakati hayo ni usafi unafanyika. Ukiona damu, au homa, au makohozi ya usaha siku kadhaa baadaye, hapo ni habari nyingine, nenda hospitali.

Kuhusu maziwa jamani. Maziwa yanapita njia ya chakula yanaenda tumboni, mapafuni hayafiki, na yakifika mapafuni ujue umepaliwa. Kunywa kwasababu una njaa. Na kile wanachosema "mapafu yamejaa vumbi" kipo kweli lakini ni ugonjwa wa wachimbaji na wachonga mawe, wanaovuta vumbi la mwamba miaka na miaka mpaka mapafu yanapata makovu, waulizeni watu wa Mererani. Safari moja ya Jumamosi haikupi huo ugonjwa.

Turudi kwenye pumu maana ndiko ugomvi ulipo. Wenye pumu wengi wanabanwa wakifanya mazoezi, hilo kweli. Lakini kuna watu wanabanwa na mazoezi tu, siku nyingine zote wako safi, usiku hawaamki, paka hawawasumbui, marashi hayawasumbui, na hawa huwezi kuwapachika pumu kwasababu tu umewaona wanakohoa chini ya mti. Pumu ni mirija yenye uvimbe unaokaa nao kila siku, zoezi ni kichocheo kimoja kati ya vingi. Huyu mwingine kichocheo chake ni kimoja. Matibabu yanagongana sehemu fulani ila sio yaleyale, mwenye pumu kwa kawaida anahitaji dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe, sio ile ya kufungua mirija peke yake.

Na kuna wa tatu anayesahaulika kila siku: anayebanwa kooni. Nyuzi za sauti zinajifunga wakati wa kuvuta hewa, mluzi unatokea kooni akivuta ndani, sio kifuani akitoa nje, unamjia katikati ya spidi na ukiacha kukanyaga unaisha haraka. Huyu utampulizia inhela mpaka iishe na hamna kitu.

Tena msilaumu sana watu walioenda kupima wakaambiwa "uko sawa". Kile kipimo cha kupuliza, spirometa, ukipuliza umekaa umetulia kinaweza kutoa namba nzuri kabisa. Unatakiwa upimwe, ufanye zoezi zito dakika sita mpaka nane, halafu upulize tena mara kadhaa ndani ya nusu saa, na ile hewa unayotoa sekunde ya kwanza ya kupuliza ikishuka asilimia 10 au zaidi ndio wanasema umebanwa. Ukienda waambie wazi kwamba shida inakuja baada ya mazoezi.

Kupasha misuli moto kunasaidia sana, vipande vifupi vya kasi dakika kumi au kumi na tano kabla, kwasababu karibu nusu ya wenye hali hii wakishabanwa kidogo wanapata saa moja mpaka tatu ambazo mirija haibani tena kivile. Skafu mdomoni inasaidia pia, na sio kwa ajili ya vumbi kama mnavyodhani, vumbi laini linapenya kitambaa, inasaidia kwasababu inabakisha unyevu na joto la pumzi yako.

Wapo wanaoona pumu ni mwisho wa baiskeli. Chris Froome aliyezaliwa Nairobi 1985 na kuanza mazoezi ya mbio kwenye barabara za Kenya ana pumu, kashinda Tour de France mara nne, na salbutamol ya kuvuta (dawa ya kufungua mirija) inaruhusiwa mashindanoni kwa kipimo maalum. Kwahiyo hata jibu likirudi ni pumu, bado unaendesha.

Ninachoomba ni kidogo tu. Akikohoa mtu baada ya safari, mkalishe wima, mtoe kwenye vumbi, muulize ilianza lini na mluzi anausikia wapi. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au maumivu ya kifua yakienda mkononi au kwenye taya, mpeleke hospitali hapohapo, huo sio muda wa kubishana. Akitulia baada ya nusu saa, mwambie akapimwe baada ya zoezi, na hiyo inhela ya shemeji yako usimuazime ili "tuone kama ni pumu", kwasababu inafungua mirija ya wote wawili, mwenye pumu na asiye nayo, haitakuonyesha chochote.